Mpaka Pale Barafu Ilipofika

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nasema, na nilikuwa na haki ya kusema. Mtu aliyeacha shule darasa la nne kwa sababu ng'ombe wa nyumbani hawakuwa na mchungaji mwingine, akaanza maisha na kopo la rangi aliloliokota nyuma ya duka na brashi aliyoifunga mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa ng'ombe, na leo ana duka la rangi Sumbawanga mjini na nyumba ya wageni yenye maji ya moto kila chumba, mtu huyo atashangazwa na nini? Ukiingia Laela ukitokea Tunduma, lile bango la mnunuzi wa mahindi lenye herufi nyekundu na kivuli cheusi ni mkono wangu. Ukishuka Kasanga ziwani, nusu ya majina unayoyasoma ubavuni mwa maboti ni mkono wangu. Wenye digrii zao wanakuja dukani kuniuliza rangi gani inakaa kwenye ukuta wenye unyevu. Nawajibu, na jibu siwatozi.

Halafu kuna mlima. Nimechora Mlima Kilimanjaro kwenye baa, vinyozi, migahawa, na mara moja nyuma ya lori la mahindi lililokuwa linakwenda Zambia. Mlima wangu ulikuwa umejipatia jina. Chini buluu, katikati kijani, na juu barafu nyeupe imeshiba kama povu la pombe ya ulezi linalotaka kumwagika mtungini. Watoto wengi wa Ufipa wameujua mlima ule kwa mkono wangu kabla ya kuukuta kwenye kitabu. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijauona hata siku moja. Nilikuwa nachora mlima wa baba.

Baba yangu, ujanani, alikwenda kuwa manamba. Vijana wa Ufipa walikwenda sana enzi zile: unapanda lori, unapewa blanketi, unapelekwa kwenye mashamba makubwa ya mbali. Wengi waliishia kwenye mkonge. Baba aliangukia kwenye miwa, tambarare ya chini ya Moshi. Akakata miwa miaka kadhaa, akarudi na baiskeli, blanketi la pili, na habari ya barafu. Kila asubuhi, alisema, kabla mawingu hayajaamka, mlima unasimama juu ya miwa na barafu yake imeshuka mabegani kama kanzu ya padri siku ya Pasaka. Jua linakuchoma mgongoni, jasho linaingia machoni, na barafu iko pale pale inakutazama. Nikiwa mtoto nilikuwa namuuliza, "Ilifika wapi, baba?" Anaweka kiganja kifuani. "Hapa." Ndiyo maana mlima wangu wa kwenye baa ulikuwa umeshiba vile.

Sasa kijijini kwetu, upande wa Mwazye, kuna bibi mmoja mtani wa baba. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kabla ya wamisionari, na anayeujua utani anajua maana yake. Mtani wako anaweza kuingia kwako akabeba jogoo, anaweza kukutukana mbele ya wakwe, na siku ukifa atavaa koti lako aigize unavyotembea. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Bibi huyu, tangu baba aliporudi na ile baiskeli, ana neno moja tu. Anasema baba hakufika Moshi. Aliishia Mpanda, akaiba kuku, akafungwa, na miaka yote ile alikuwa gerezani. Baiskeli alipewa na mkuu wa gereza kwa kufagia vizuri.

"Barafu na jua mahali pamoja!" anasema. "Mimi sijasoma lakini siyo mjinga. Kwangu mafuta ya nguruwe yanayeyuka kivulini."

"Wewe ambaye safari yako ndefu ni kisimani," baba anamjibu, "utajua nini?"

"Kisimani naenda na kurudi mwenyewe. Sisindikizwi na askari."

Wamezeeka juu ya ugomvi huo. Bibi alifiwa na mume, baba akafiwa na mama yetu, na kwenye misiba yote miwili waliendelea nao, kwa sababu utani ndiyo kazi yake hiyo, kumfanya mfiwa acheke. Lakini ikafika mahali wale wote waliopanda lori moja na baba wakawa wamefariki. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani, tukamzika kipindi cha mavuno. Tukiwa tunarudi kutoka makaburini baba akaniambia, "Umeona? Sasa sina shahidi."

Nikadhani anatania. Jioni akarudia, na safari hii alikuwa na la zaidi.

"Wewe una hela za kuchezea. Nenda kaione ile barafu. Panda uishike. Halafu uje uichore ukutani kwangu, huyu mwanamke aione kabla mmoja wetu hajafa. Nimechoka kuwa mfungwa."

Nikasema kazi ndogo. Mke wangu akaniuliza kama mtu wa umri wangu, mwenye tumbo langu, anapanda milima kwa sababu ya maneno ya watani. Nikamwambia aangalie duka.

Getini kwa mlima wapagazi walinipokea vizuri mpaka waliponiuliza nimetoka wapi.

"Sumbawanga," nikasema.

Wakatazamana. "Sumbawanga hii hii ya uchawi wa radi?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa mzee, unatulipa sisi wa nini? Si ungepaa tu na ungo asubuhi, mchana umesharudi?"

"Ungo wangu uko gereji," nikawaambia. "Na wewe unayecheka kuliko wenzako, mama yako anaitwa nani?"

Walicheka mpaka wakashika magoti. Lakini safari nzima begi langu lilibebwa kama trei ya mayai.

Ndani ya begi lile nilikuwa na makopo matatu madogo, nyeupe, buluu na nyeusi, brashi mbili, na kipande cha hadibodi. Fundi haendi eneo la kazi mikono mitupu. Mwongozaji wangu, Mchaga wa makamo asiye na haraka, aliyaona akatabasamu. Alikuwa anatembea kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. Siku ya kwanza nikampita. Nimetembea na gunia la maharage kichwani tangu sina ndevu, nikatembezwe kama bibi harusi? Akaniacha nipite. Siku iliyofuata kichwa kikaanza kugonga kama mtu anapigilia bati, na kuanzia hapo nilikaa nyuma yake nikiangalia visigino vyake, wala sikuona aibu. Ndivyo nilivyofanikiwa maishani: mwenye kujua kazi namfuata, hata kama nimemzidi hela.

Msitu uliisha, vichaka vikaisha, majani yakaisha. Kikabaki kifusi na upepo. Upepo siyo mgeni kwangu, maana anayekaa Ufipa mwezi wa sita anaujua upepo. Sehemu ya mwisho inapandwa gizani, na giza hilo silielezi kwa sababu sikuona kitu zaidi ya taa na vile visigino. Kulipopambazuka tukawa tumesimama kwenye ukingo wa lile shimo la juu, mdomoni mwa mlima, kilele kimebaki mbele kidogo. Nikapumua nikatazama huku na huku.

"Iko wapi?"

"Nini, mzee wangu?"

"Barafu."

"Si ile."

Nilikuwa naitafuta chini ya viatu vyangu. Nilijua nitaikanyaga. Nilijua itakuwa imefunika kila kitu kama nilivyoifunika mimi kwenye baa zote zile. Badala yake palikuwa na vumbi na mawe, kama shamba lililochomwa moto kabla ya mvua, na mbali kidogo, juu ya vumbi hilo, kuta za barafu zimesimama zenyewe. Kwetu Ufipa ukitembea porini unaweza kukutana na tanuru za wazee, zile za udongo walizoyeyushia chuma. Ndefu kuliko mtu, upande mmoja umebomoka, majani yameota mguuni, na hakuna aliyebaki anayejua kuziwasha. Ndivyo barafu ilivyosimama pale.

Na siyo nyeupe, jamani. Mimi nimekuwa nikiichora nyeupe miaka yote hiyo! Kwa juu ndiyo, ina weupe mchafu. Ukisogea inakuwa buluu, buluu ya moto wa jiko la gesi, na imepita mistari ya vumbi mmoja juu ya mwingine, kama magodoro yaliyopangwa dukani.

Nikafungua makopo. Rangi ya mafuta ilikuwa imeganda kama samli, brashi ikasimama wima yenyewe. Nikailazimisha. Nilichora mistari michache kwenye hadibodi, vidole vikafa ganzi, mwongozaji akanishika mkono akanirudishia glovu kama mtoto.

"Nilipoanza kubeba mizigo huku," akasema, "tulikuwa tunapita hapa barafu iko bega kwa bega na sisi. Siku hizi tunaitafuta kwa macho."

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda tu. Nyingine hata maji yake huyaoni. Inakauka kama nguo kwenye kamba."

"Itaisha?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu wa mwisho ameanza darasa la kwanza. Akija kuifanya kazi hii, nadhani atakuwa anawaonyesha wageni mahali ilipokuwa."

Njiani kuelekea kileleni tulipita karibu na kipande kimoja. Nikaenda nikakishika. Nikakilamba pia, ndiyo, kwa sababu nilitaka nimwambie baba ladha yake. Ina ladha ya vumbi. Halafu nikageuka upande wa kusini. Mawingu yalikuwa chini yetu, lakini palikuwa na tundu moja, na ndani ya tundu nikaiona tambarare, mbali, na mistatili ya kijani. Sijui kama ilikuwa miwa. Nikaamua kuwa ni miwa. Nikasema pale chini alikuwepo kijana mmoja ameinama na panga, akiinua kichwa anaiona hii ninayoishika, lakini anaiona kubwa.

Basi hapo nilishangaa. Naliandika kwa sababu ni kweli, na mtu mwenye duka lake haogopi kuandika kweli.

Nilifika kijijini mchana. Baba alikuwa uani, kwenye kigoda chake, anakunywa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi ya kumiminia maji ya moto na kunywa kwa mrija. Hakuniuliza habari za safari.

"Umeiona?"

"Nimeiona, baba. Nimeishika."

"Imefika wapi?"

Nikiwa mtoto yeye alikuwa ananionyesha kifuani. Mimi nikaweka vidole juu ya paji la uso.

Akaniangalia. Akaangalia kichwa changu, ambacho kina upara wa heshima.

"Kama nywele zako," akasema.

"Kama nywele zangu."

Akavuta mrija mpaka ukatoa sauti ya hewa tupu. Nikaona niokoe mambo. Nikamwambia, "Usijali. Nitaichora kama ulivyoiona wewe. Ile naijua, nimeichora mara mia."

Alikasirika, na baba yangu akikasirika anarudi kwenye Kifipa. Kwa Kiswahili ni hivi: "Nilikutuma ukaone au ukanibembeleze? Kama ni ile ya baa, si ungebaki mjini? Chora ulichoona."

Nikachora. Nasema bila kuficha kwamba sijawahi kufanya kazi kama ile, na sijamwona mwingine hapa mkoani anayeweza. Ukuta wa nyumba ya baba, nyumba niliyomjengea mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, nikaukwangua, nikaupiga rangi ya msingi, nikaacha ukauke vizuri. Chini nikaweka miwa, jani kwa jani. Juu ya miwa nikaweka ukungu, msitu, kijivu cha mawe. Barafu niliiacha mwisho. Buluu na tone la nyeusi, halafu nyeupe kwa kitambaa, halafu nikapitisha kitana cha mke wangu kupata ile mistari ya magodoro. Vipande vichache tu, mahali vinapokaa. Ukisogea karibu unasikia baridi.

Watu walikuja kuangalia, kama kawaida penye kazi. Wa kwanza akasema, "Fundi, rangi nyeupe imekuishia?"

"Haijaisha. Ndivyo ulivyo."

"Mbona ule wa baa ya Laela umeshiba?"

"Ule nilichora kabla sijauona."

"Aa," akasema mwenzake, "kumbe kuuona ndiyo kumekuharibu."

Wote walijifunza mlima kwangu, na sasa walinihukumu kwa mlima wangu mwenyewe.

Ndipo bibi akaja. Alikuwa ametoka kisimani, akatua ndoo, akajifunga khanga vizuri kama mtu anayeingia kazini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtoto wa mfungwa. Nimesikia umemletea baba yako barafu. Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akasogea. Akaweka pua karibu na ukuta. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajasema.

"Hii?" akasema. "Mimi nilidhani kunguru wamepita." Akamgeukia baba. "Mzee wee! Umri wote huu unatuchosha kwa mavi ya kunguru?"

Ua zima likaanguka kicheko. Nami nilicheka, naomba nisisingiziwe kuwa sikucheka, maana lilikuwa neno zuri. Tukawa tunasubiri jibu la baba. Kwa kawaida jibu lake linakuja kabla kicheko hakijaisha. Halikuja. Baba aliinuka, akachukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa tena. Sasa ukuta ulikuwa mgongoni kwake na yeye anatazama banda la kuku.

Bibi akasubiri kidogo. Akainua ndoo yake akaondoka, na watu nao wakatawanyika.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Bibi alipita asubuhi akasema, "Mfungwa, umeamkaje?" Baba akasema, "Salama." Akapita jioni akauliza kama gerezani walikuwa wanawapa migebuka au dagaa. Baba akasema hakumbuki. Mtani anakuchokoza, wewe unajibu "sikumbuki"! Nilikuwa niondoke kurudi mjini, nikasema bado naweka mpaka wa picha. Mpaka wenyewe niliupaka mara mbili kwa kukosa la kufanya. Baba alikula, alikunywa, alisali, yote hayo akiwa ameupa ukuta mgongo. Nilitamani asikie hasira hasa, anitukane. Alikuwa mpole, na upole ule ulinitisha kuliko mlima.

Asubuhi moja bibi akaja bila ndoo ya maji. Alikuwa na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na udongo mweupe, ule wa bondeni ambao wanawake wetu wanapaka nyumba baada ya mavuno. Kila mwanamke ana mahali pake pa kuchimba, na wa bibi huyu unajulikana ni mweupe kuliko wote, wala hasemi anautoa wapi. Alikuwa ameukoroga na uji mwepesi wa mahindi.

"Mfungwa, geuka," akasema.

Baba hakugeuka.

"Geuka uniambie ilifika wapi."

"Muulize huyo aliyeiona," baba akasema.

"Huyo ameona mabaki. Nakuuliza wewe."

Nikaona niingilie kitaalamu. "Bibi, samahani, udongo haushiki juu ya rangi ya mafuta. Kesho utakuta wote umedondoka."

"Wewe kauze rangi zako," akaniambia bila kunitazama. Akachota udongo kwa kiganja, akauweka ukutani. Lakini aliuweka chini! Akaanza kupaka juu ya miwa yangu, ile niliyoichora jani kwa jani, anasugua kwa furaha, huku anasema kwa sauti, "Nadhani ilianzia hapa kwenye majani. Eeh, hapa hapa. Halafu ikaja huku kwenye njia ya ng'ombe."

Mimi nilishika kichwa. Baba alikuwa amekaza shingo, na masikio yalionekana yanasikiliza. Bibi akaendelea. "Na hapa kwenye nyumba za manamba palikuwa na barafu mpaka mlangoni, mnachota mnapikia."

"Si huko, mwanamke!" Baba alikuwa ameshageuka, kigoda kimeanguka. "Juu! Barafu inakaa kwenye miwa wapi? Juu!"

"Juu wapi? Mimi nimewahi kwenda?"

"Sogea hapo." Akainua fimbo yake akaugusa ukuta. "Anzia hapa. Hapa. Funika yote."

Bibi akafuta miwa yangu kwa upindo wa khanga, vizuri tu, akaanza kufunika kilele. Vipande vyangu vya buluu vikapotea chini ya kiganja chake. Alikuwa anapaka kama wanavyopaka nyumba, mkono mzima, nusu duara juu ya nusu duara, na alama za vidole zinabaki.

"Mpaka hapa?"

"Shuka."

"Hapa?"

"Shuka, shuka, unaogopa nini? Kule kushoto ilishuka kama ulimi wa ng'ombe. Mrefu. Hapo ndipo jua lilikuwa linaanzia asubuhi, panakuwa pekundu kidogo, halafu panakuwa peupe mpaka huwezi kutazama. Mnyapara alikuwa anatuambia tuangalie chini tutajikata."

"Na nyie?"

"Tulikuwa tunaangalia. Mmoja alijikata kweli."

Bibi akapaka ulimi wa ng'ombe. Akarudi nyuma, akapangusa jasho, akabaki na weupe kwenye paji la uso. Wakasimama wote wawili wakaitazama. Ilikuwa kubwa. Ilikuwa imefika kifuani.

"Kwa hiyo ulikuwa unaiona," bibi akasema.

"Kila asubuhi."

Bibi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshindwa kesi. Halafu akabeba beseni lake.

"Basi lile gereza lilikuwa na dirisha zuri."

Baba alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Akakaa kwenye kigoda, uso kwenye ukuta, na akawa anamtukana bibi huyo mpaka alipopotea njiani, matusi mazuri ya zamani ambayo sijawahi kuyasikia, mengine yanahusu mababu. Bibi naye alikuwa anajibu bila kugeuka.

Udongo haukudondoka kesho yake. Wala keshokutwa. Kuku tu ndio walikuwa wanaudonoa kwa sababu ya uji, baba anawafukuza kwa fimbo: "Tokeni kwenye barafu!" Mimi ninayeshauri wahandisi nilikuwa nimekosea, na hiyo ilikuwa mara ya pili kushangaa ndani ya mwezi mmoja.

Uliondoka na mvua za kwanza. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea baba mbolea. Upepo ulivuma ukailaza mvua ikapiga ukuta moja kwa moja. Baba hakuingia ndani. Alivuta kigoda hadi barazani, akageuka akatazama. Weupe ukaanza kutoka kwenye ulimi wa ng'ombe kwanza, ukateremka kama maziwa juu ya msitu na juu ya miwa, mpaka mtaroni. Na chini yake vikaanza kutokeza vipande vyangu, kimoja kimoja, vya buluu, vya rangi ya mafuta, havijaguswa. Mvua ilipopungua ukutani ilikuwa imebaki ile barafu niliyoishika kwa mkono.

Bibi akaja anaruka madimbwi, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Akasimama kando ya baba.

"Imekwenda," baba akasema.

"Imekwenda."

"Sasa utaanza tena kusema nilikuwa gerezani."

"Ulikuwa gerezani. Lakini mavuno yakiisha nitakurudishia."

Na amerudisha. Kila mwaka sasa, mahindi yakishaingia ghalani, anakuja na beseni na baba anashika fimbo. Naona kila mwaka barafu inazidi kushuka. Mwaka jana ilibaki kidogo iguse miwa. Bibi akamuuliza, "Una hakika?" Akasema ana hakika. Bibi akapaka. Hakuna mtu pale uani aliyebisha, hata mimi niliyefika juu. Miezi ya kiangazi baba anaamka na barafu yake, miezi ya mvua anabaki na yangu, na anaonekana kuridhika na zote mbili. Mfungwa ameshazoea kuitwa mfungwa. Na mimi kwenye nyumba yangu ya wageni nimefuta ule mlima wa povu nikachora vipande, na mgeni akiniuliza kama rangi nyeupe iliniishia, namkaribisha aende akaangalie mwenyewe.

Watu wananiuliza mlima ule ulinigharimu kiasi gani. Nauli, geti, mwongozaji, wapagazi, makoti ya kukodi, hesabu hiyo ninayo kichwani na haitatoka, kwa kuwa mke wangu anajua kusoma. Lakini barafu, ile anayoamka nayo baba, haikutoka huko. Siku ile ya kwanza nilitaka kumpa bibi mbuzi. Akakataa. Akasema mbuzi wa mtani huchukuliwa, hapokelewi, na siku akimtaka atakuja kumfungua mwenyewe. Akasema kama nina hela zinazoniwasha nimletee sukari kilo moja, na mche wa sabuni wa kunawia ule udongo. Nikavuka barabara mpaka duka la kijiji. Sukari elfu tatu na mia tano, sabuni elfu tatu. Shilingi elfu sita na mia tano.